Ukuta uliofungiwa maji: kisa cha nyumba yetu ya Mkunazini

Shangazi ndiye aliyegundua kwanza, na aligundua kwa nguo. Kabati lake la mninga lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba cha nyuma, ghorofa ya kwanza, na kila alipotoa kanga za kutokea alikuta zinanuka kuvu, nyingine zina madoa ya kijivu kwenye mikunjo. Akazianika, akazifukiza udi, akazirudisha. Baada ya mwezi harufu ikarudi. Siku tuliyolivuta lile kabati tukakuta rangi ya ukuta imevimba kama ngozi iliyobabuka kwa moto. Nilipoigusa kwa kidole ikapasuka, ukamwagika unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Nyumba iko Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, na imo mikononi mwa ukoo wetu tangu kwa babu yake baba. Ina ghorofa mbili juu ya chumba cha chini ambacho zamani kilikuwa duka. Kuta zake ni kama nyingi za mji huu: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake sentimita 60 hivi. Sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyotwangwa mpaka ikashikana. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ndiyo inayoamua upana. Mkoko ulionyooka unavuka kama mita tatu, na ukiudai zaidi ya hapo unapinda. Wageni huona ufinyu. Mimi nikilala chali nikitazama dari huona msitu wa pwani, umekatwa kwa kipimo na kuletwa mjini kwa jahazi.

Mwaka 2011 nyumba ilifanyiwa matengenezo. Lipu ya zamani ilikuwa ikimenyeka sehemu za chini, na mkandarasi aliyeletwa akatoa ushauri ambao kila mwenye nyumba Mjini ameshausikia: bandueni chokaa, pigeni saruji, pakeni rangi ya plastiki, mtasahau. Sisi tuliupokea kwa furaha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nimesomea ujenzi, na masomo yangu yote yalikuwa ya zege na nondo. Sikuona kasoro. Ndani na nje, upande wa mtaani na upande wa ua, nyumba ikavikwa saruji. Kwa miaka miwili ilipendeza, na watu walisimama kuitazama.

Kisha yakaanza ya kabati.

Tulidhani ni paa. Kama nyumba nyingi za Mjini, juu ya paa letu la zamani la chokaa, lililokuwa bapa, liliwekwa baadaye paa la mabati, na mabati yalikuwa na kutu. Tukayabadilisha, tukaweka mlizamu mpya. Ghorofa ya juu ikapata nafuu ya kweli. Chumba cha shangazi hakikupata. Tukaja kulitazama bafu, ambalo halikuwamo katika nyumba ya asili bali liliongezwa na kizazi cha baba, likawekwa juu kabisa ya chumba kile. Bomba lake lilikuwa linavuja ndani ya ukuta kidogokidogo, kiasi kwamba hata mita ya maji haikututia shaka. Tukalitengeneza. Unyevu ukapungua kwa wiki chache, ukarudi na masika.

Hapo ndipo tulipomwita fundi mwashi mmoja mzee, anayejulikana Mjini kwa kazi za chokaa. Hakuja na kifaa chochote. Alipita ukutani akigonga kwa kifundo cha kidole, na sisi tukisikiliza nyuma yake: mahali pengine sauti nzito, pengine sauti tupu kama ya debe. Kwenye pembe ya dirisha palikuwa na ufa unaopanda mshazari. Aliomba chokaa kidogo, akaibandika juu ya ufa kama plasta ya kidonda, ikishika kila upande wa ufa, akaandika tarehe juu yake kwa penseli. "Kikipasuka hiki, nyumba inatembea," alisema. "Kisipopasuka, ufa ni wa zamani, umeshapumzika." Kisha akageukia ule unga wa chumvi. Akaniuliza kama nyumbani kwetu bado tunao mtungi wa maji. Nikamwambia upo. "Unapoza maji kwa sababu gani?" Kwa sababu unatoka jasho, nikasema. "Basi upake rangi ya mafuta, mwanangu, halafu uniambie maji yamepoa."

Nimefikiri sana juu ya maneno yale, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kisa chote. Ukuta wa mawe na chokaa haukujengwa kuzuia maji. Ulijengwa kuyapokea na kuyatoa. Unyevu unapanda kutoka ardhini, mvua inapiga nje, watu wanapika na kuoga ndani, na yote hayo huingia ukutani na kutoka tena kwa upepo kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Saruji ni ngumu na imeziba. Maji yakikosa pa kutokea chini, hupanda juu zaidi kutafuta njia. Njiani yanabeba chumvi, ya ardhini, ya mawe yenyewe ambayo asili yake ni bahari, na hata ya saruji. Yanapofika nyuma ya rangi na kukauka, chumvi inabaki, inakua kama punje, na kila punje inasukuma. Ndiyo maana rangi huvimba kwanza, kisha lipu inaachana na jiwe, kisha jiwe lenyewe linaanza kuwa unga. Tena saruji haikubali kuchezacheza. Nyumba ya udongo na chokaa husogea kidogo kwa majira, chokaa ikasogea nayo, saruji ikapasuka; na kupitia nyufa nyembamba kama unywele maji ya mvua huingia vizuri kabisa, ila kutoka hayawezi.

Nyumba yetu ilikuwa na milango mitatu ya maji kuingia, yaani paa, bafu na ardhi, na hakuna hata mmoja wa kutokea.

Tungeendelea kuahirisha kama si siku ya tarehe 25 Disemba 2020. Siku hiyo sehemu ya mbele ya Beit-al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka pamoja na mnara wa saa, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili waliokuwa kazini wakapoteza maisha. Sisi tulilisikia vumbi kabla ya kusikia habari. Sitalinganisha kibanda chetu na jumba lile, wala sababu zake si zetu. Lakini usiku ule shangazi alikataa kulala chumba cha nyuma, na kesho yake tukaanza kupigiana simu.

Nyumba ni ya warithi. Ami yuko Maskati, wengine Dar es Salaam, shangazi na mimi tumo ndani. Ami alisema jambo ambalo lilituuma lakini halikuwa la kipuuzi: tunatia pesa kwa mgonjwa asiyepona, tuombe ruhusa, tubomoe upande wa nyuma, tujenge kwa matofali na zege, watoto wetu wapumzike. Binamu wa Dar akamuunga mkono. Mimi nikaomba wiki mbili za kuandika hesabu, na nilichokiandika hakikuwa cha hisia. Kubomoa ukuta wa sentimita 60 katika nyumba iliyobanana na majirani pande mbili kunaziondolea nyumba tatu egemeo. Kifusi chake hakitoki kwa gari, kinatoka kwa mkokoteni, kwa sababu kichochoro hakipitishi gari. Na ukuta mpya ungehitaji saruji nyingi, bidhaa ambayo duniani kote inakadiriwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mawe ya ukuta wa zamani yameshachimbwa, yameshasafirishwa, yameshalipiwa na watu waliokwishatangulia mbele ya haki. Ami alisoma, akanyamaza siku tatu, akatuma sehemu yake. Nampenda zaidi tangu siku hiyo.

Kazi ndani ya eneo la hifadhi inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, miaka 15 kabla ya UNESCO kuutia mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tulipeleka michoro na maelezo, tukapata kibali, na Juni 2021, masika ilipokwisha, tukaanza kubandua saruji.

Nilitaka kushika tindo mwenyewe pale nyuma ya kabati. Lipu ilitoka kipande kizima, kikubwa kama sinia, na kilipoanguka kikabaki kizima vilevile, jinsi kilivyokuwa kigumu. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa maji. Nikatia vidole kati ya jiwe na jiwe: kilichokuwa chokaa na udongo mwekundu kimekuwa tope, kinaminyika kama unga wa maandazi uliozidi maji. Jiwe moja la ukubwa wa nazi lilitoka kwa mkono tu. Likanuka bahari. Shangazi alisimama mlangoni amejifunika kanga puani, akasema taratibu, "Kumbe tulikuwa tunalala na kisima."

Fundi hakushtuka. Akakataza mtu yeyote kugusa ukuta ule kwa maji. Chumvi iliyotokea juu tuliipiga brashi kavu, tukaizoa na kuitoa nje ya nyumba kwa ndoo, kwa sababu ukiiosha unairudisha ndani. Palipotoka mawe tukaegemeza magogo, tukarudisha mawe yaleyale mahali pake kwa udongo na chokaa mpya, kipande kwa kipande, bila kufungua sehemu kubwa kwa mara moja. Kisha tukangoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kazi zote. Ukuta mnene kiasi hicho haukauki kwa wiki, unahesabiwa kwa miezi. Kuanzia Juni mpaka Januari chumba kilikuwa mawe matupu, madirisha wazi, na majirani wakiuliza kama pesa zimetuishia. Kila Ijumaa niliingia na kuweka kiganja mahali palepale. Mwezi wa Septemba jiwe la usawa wa kifua lilikuwa kavu na la usawa wa goti bado baridi. Disemba, mvua za vuli zikiwa zinanyesha nje, lile la goti nalo likakauka. Niliita watu wote wa nyumba waje waguse.

Miezi hiyo tuliitumia kwa chokaa. Chokaa ni jiwe la matumbawe lililochomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi. Kilo 100 za jiwe safi zikiungua sawasawa hubaki kilo 56 za chokaa mbichi, na kilo 44 hupaa kama hewa ya ukaa. Ukiizima kwa maji na kuipiga ukutani, inaanza kuivuta hewa ileile kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, pole pole, kwa miaka. Hapo ndipo wengi wanapoishia na kusema chokaa ni safi. Si kweli yote. Saruji nayo huchomwa, tena kwa nyuzi 1,450, na kila tani ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwenye jiwe peke yake, mbali na moto. Kwa hiyo tofauti ipo, kwa joto la kuchomea na kwa hewa ambayo chokaa huivuta tena. Lakini chokaa yetu huchomwa kwa kuni, mara nyingi kwenye lundo la wazi ambalo joto lake jingi linapotea, na kuni hizo zinatoka kwa sehemu kubwa kwenye vichaka vya maweni, msitu wa miti mifupi unaoota juu ya mwamba wa matumbawe na unaochukua miaka mingi kurudi. Lundo likiungua vibaya, mawe ya pembeni yanabaki mabichi na kuni zimeshakwenda. Tulinunua kwa mchomaji aliyezungushia lundo lake ukuta wa udongo kuhifadhi moto, na niliona kwa macho yangu kwamba mawe mabichi aliyoyatupa yalikuwa machache. Kwangu mimi, anayetaka kuutunza mji huu kwa chokaa lazima aulizie tanuri kabla ya kuulizia bei.

Tuliizima uani, ndani ya pipa, chokaa ikitiwa katika maji kidogokidogo. Inachemka yenyewe, inaruka, inaunguza. Tulivaa miwani na kuweka ndoo ya maji safi karibu, na watoto wakafungiwa juu. Uji wake tukauchuja, tukaulaza chini ya maji kwa miezi mitatu. Fundi alikuwa akija kuukata kwa mwiko kama jibini, akitazama kama unashika kisu.

Boriti lilikuwa suala jingine, na hilo mpaka leo halijanitulia moyoni. Boriti tatu za chumba cha nyuma zilikuwa zimeoza ncha, pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo maji yalifungiwa. Katikati zilikuwa nzima, ngumu kiasi cha kukataa msumari. Jibu la zamani lilikuwa rahisi: unakwenda bandarini, unanunua korija, yaani 20, unachagua. Leo mikoko ya Chwaka na kwingineko inatakiwa ibaki imesimama, kwa samaki wanaokulia mizizini mwake na kwa fukwe zinazomegwa na bahari, na mimi nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Ila nyumba zimejengwa kwa mikoko, na mihimili ya zege iliyotiwa badala yake katika nyumba kadhaa nilizoingia imezielemea kuta zisizozaliwa kubeba uzito ule. Tulifanya hivi: boriti mbili tulizipata kutoka nyumba iliyokuwa imeporomoka, mwenyewe akatuuzia, na seremala akazikagua urefu wote kwa kuzigonga. Ya tatu hatukuitoa. Tulikata ncha iliyooza, tukalaza gogo la mbao ngumu kandokando ya ukuta, likashikiliwa na mawe yaliyotokeza, na boriti ikapumzika juu yake bila kuingia ukutani. Ncha zote tulizipaka dawa ya boraksi dhidi ya mchwa na kuoza, na pale zinapoingia ukutani tukaacha nafasi ya hewa.

Lipu tulianza Januari 2022: sehemu moja ya uji wa chokaa kwa tatu za mchanga, mchanga wa shimoni uliooshwa, kamwe si wa ufukweni. Tabaka tatu, kila moja nyembamba, na kati yake siku kadhaa za kulowanisha kwa brashi. Hapa nilikosea. Siku ya tabaka la pili upande wa dirisha tulimaliza jioni, nikasahau kufunga dirisha na kutundika magunia ya juti yaliyolowa. Kaskazi ilivuma usiku kucha. Asubuhi ukuta wote ule ulikuwa na nyufa kama tope la dimbwi lililokauka. Fundi alipita kidole juu yake mara moja, akachukua mwiko, akaanza kukwangua bila kusema neno. Nilikwangua pamoja naye mpaka adhuhuri. Chokaa haitaki kukaushwa haraka, inataka iivute hewa ikiwa bado na unyevu, na hilo vitabuni nilikuwa nimelisoma.

Mwisho tukapaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitano. Hakuna rangi ya plastiki juu yake. Fedha nyingi zilikwenda kwa mafundi na vijana wawili waliokuwa wakijifunza, kidogo kwa vifaa. Kwa saruji ingekuwa kinyume chake. Mmoja wa vijana wale sasa anaitwa kwa kazi za chokaa peke yake, na hilo lina uzito mkubwa kwangu, kwani bila mikono inayoijua chokaa hata tanuri zuri halisaidii kitu.

Chumba kimepita masika kadhaa tangu hapo. Kanga hazinuki. Kabati limesogezwa shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma, na shangazi analalamika kwamba chokaa inaacha alama nyeupe kwenye baibui ukiegemea, jambo ambalo ni kweli, na hana budi kutoegemea. Mchana wa joto chumba kile ndicho cha baridi kuliko vyote.

Upande wa mtaani bado. Pale chini saruji ya 2011 tumeibandua mpaka usawa wa kiuno tu, na kichochoro kimeinuliwa kwa zege kiasi kwamba maji ya mvua yanasimama kwenye mguu wa ukuta badala ya kukimbia. Lile zege si letu peke yetu, ni la mtaa mzima, na tumeandika barua pamoja na majirani wawili kuomba kufungua mfereji mwembamba kandokando ya kuta. Kibandiko cha chokaa cha chumba cha nyuma, chenye tarehe ya Machi 2022, hakijapasuka. Cha upande wa mtaani kilipasuka masika iliyopita, unene wa unywele. Nimebandika kingine pembeni yake, nikaandika tarehe.